ELIMU KWA WANANCHI: Karakana Iliyokamilika Inapotaka Kukua — Namna ya Kuchagua Mashine za Useremala

Useremala ni miongoni mwa kazi zinazobeba uchumi wa kaya nyingi katika Jiji la Arusha na vitongoji vinavyouzunguka Mlima Meru. Kuanzia Unga Limited na Ngarenaro hadi Ngaramtoni, Tengeru na Usa River, karakana za mbao hutengeneza milango, madirisha, vitanda, makabati na madawati ya shule. Malighafi haiko mbali. Shamba la Miti Meru, linalosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), hutoa paini na saipresi. Mgrevilea hukua katika mashamba ya kahawa na migomba ya wakulima wa mlimani, na mninga huletwa kutoka mikoa mingine.

Karakana changa haina shida kubwa ya kuchagua, kwa kuwa inahitaji karibu kila kitu. Ugumu huanza pale karakana inapokuwa tayari na msumeno wa meza, mashine ya randa, msumeno wa utepe, keke ya kusimama na ruta, kisha ikapata akiba au mkopo wa kuongeza vifaa. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo inamfaa mvivu anayetafuta kisingizio. Kwa kikundi kinachokopa fedha ili kununua mashine, kuchagua ni sehemu ya kazi yenyewe, kwani mashine isiyofaa haipunguzi deni hata kwa shilingi moja.

Jambo hili linagusa jamii nzima. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kinazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo ni za mzunguko. Marejesho ya kikundi kimoja ndiyo mkopo wa kikundi kinachofuata. Mashine inayokaa kona ya karakana ikifunikwa na vumbi huwa imefunga pia mlango wa kikundi kingine kilicho kwenye foleni.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya vikundi na mafundi wenye karakana zilizokwisha kupata vifaa vya msingi.

1. Tafuta mahali kazi inapokwama

Swali la kwanza katika kikao cha kikundi huwa "Tununue mashine gani?" Swali lenye faida zaidi ni "Kazi inakwama wapi?" Jibu lake hupatikana katika daftari. Kwa siku 10 za kazi, kila hatua ya kila bidhaa iandikwe: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na muda ambao kipande kilikaa kikisubiri hatua inayofuata. Mali bila daftari hupotea bila habari, na muda nao ni mali.

Chukulia mfano wa karakana inayotengeneza milango ya mninga. Daftari linaonesha kuwa kwa mlango mmoja, kupasua mbao huchukua dakika 40, kupiga randa dakika 50, kuchonga matundu ya viungo kwa patasi dakika 180, kuunganisha dakika 60, na kupiga msasa dakika 90. Jumla ni dakika 420, sawa na saa 7. Kila hatua ina fundi wake mmoja, na siku ya kazi ni saa 8.

Wanakikundi wengi wangependa mashine kubwa zaidi ya randa. Tuseme mashine hiyo inapunguza muda wa randa kwa nusu, kutoka dakika 50 hadi 25. Milango haitaongezeka, kwa sababu fundi wa patasi bado anahitaji dakika 180 kwa kila mlango. Kwa siku 3 za kazi, yaani dakika 1,440, atamaliza matundu ya milango 8 tu, na mbao zilizopigwa randa zitarundikana mbele yake.

Sasa tuseme kikundi kinanunua mashine ya kutoboa matundu ya mraba, na kazi ya dakika 180 inakuwa dakika 45. Hatua ndefu kuliko zote inakuwa msasa, dakika 90. Kwa dakika zilezile 1,440, karakana inaweza kutoa milango 16. Uwezo umekuwa maradufu kwa mashine ambayo huenda bei yake ni ndogo kuliko ile iliyotamaniwa.

Daftari hilo linaonesha pia kikomo kinachofuata. Baada ya matundu, kikwazo ni msasa, na ununuzi wa pili, ukihitajika, utaanzia hapo.

2. Kabla ya kununua, tengeneza kilichopo

Mashine nyingi zinazolalamikiwa kuwa dhaifu zina meno butu. Msumeno usio na makali huunguza mbao, hulemea mota na humlazimisha fundi kusukuma kwa nguvu, na hapo ndipo mkono huteleza. Diski yenye meno machache, kwa mfano 24, hufaa kupasua mbao kufuata nyuzi zake. Yenye meno mengi, 60 hadi 80, hufaa kukata kukingama nyuzi. Karakana inayotumia diski moja kwa kazi zote hupata matokeo mabaya pande zote mbili. Diski mbili nzuri zenye ncha za chuma kigumu, pamoja na utaratibu wa kuzinoa, ni maboresho ya bei ndogo yanayoonekana siku hiyohiyo.

Aina ya mbao nayo ihesabiwe. Mvule, kwa mfano, wakati mwingine huwa na mabonge magumu ya chokaa ndani yake yanayoweza kuvunja meno ya msumeno. Anayeupasua mara kwa mara atenge fedha za kunoa na kubadilisha diski.

Ikaguliwe pia reli inayoongoza ubao kwenye msumeno wa meza. Isipokuwa sambamba na diski, ubao hubanwa na kurushwa nyuma kuelekea kwa fundi. Kuirekebisha ni kazi ya nusu saa, kwa rula na bisibisi.

3. Pima upotevu wa mbao

Kila msumeno hugeuza sehemu ya ubao kuwa unga, na unga huo umenunuliwa kwa bei ya mbao. Tuseme fundi anataka vipande vyembamba vya unene wa milimita 8 kutoka katika ubao wa milimita 50. Akitumia diski inayokula milimita 4 kila inapopita, atapata vipande 4. Akitumia msumeno wa utepe unaokula milimita 1.5, atapata vipande 5 kutoka katika ubao uleule. Kwa mbao ghali kama mninga, kipande hicho kimoja cha ziada katika kila ubao kinaweza kulipia utepe bora kabla ya mwaka kwisha.

Faida hiyo ina masharti yake. Utepe uliolegea hupinda njiani na kuacha uso wenye mawimbi, na randa itakayofuata itakula kile kilichookolewa. Kabla ya kununua msumeno wa utepe mkubwa zaidi, kikundi kijiridhishe kwamba uliopo umefungwa utepe sahihi na kukazwa inavyotakiwa.

4. Unyevu wa mbao: kasoro isiyoonekana

Malalamiko makubwa ya wateja wa samani ni mlango unaokwama wakati wa masika na kupata nyufa wakati wa kiangazi. Hakuna mashine ya kukata inayoweza kutibu kasoro hiyo, kwa sababu chanzo chake ni mbao mbichi.

Unyevu wa mbao hupimwa kwa kulinganisha uzito wa maji na uzito wa ubao mkavu. Kipande cha gramu 120 kikikaushwa kabisa katika joto hadi kikabaki gramu 100 kilikuwa na unyevu wa asilimia 20. Kwa samani za ndani, mafundi hulenga unyevu wa karibu asilimia 12 au pungufu kidogo. Mbao huanza kusinyaa unyevu unaposhuka chini ya takriban asilimia 30, na husinyaa zaidi katika upana kuliko katika urefu. Ubao wenye upana wa sentimita 20 ukisinyaa kwa asilimia 4 hupoteza milimita 8, na nafasi hiyo inatosha kuharibu kiungo chochote.

Katika miteremko ya Meru, mvua za masika za Machi hadi Mei hufuatiwa na miezi ya baridi na mawingu. Mbao zilizopangwa nje hukauka polepole mno, na zisipotenganishwa kwa vijiti huota ukungu. Kwa hiyo karakana ambayo tayari ina mashine za kutosha inaweza kupata faida kubwa zaidi kutokana na vitu viwili visivyo na mota kubwa. Cha kwanza ni kipima unyevu cha mkononi, ambacho humwezesha fundi kukataa mbao mbichi pale pale sokoni. Cha pili ni banda la kukaushia kwa jua: fremu ya mbao iliyofunikwa kwa plastiki inayopitisha mwanga, bati lililopakwa rangi nyeusi la kunasa joto, feni ya kuzungusha hewa, na matundu ya kutolea mvuke. Banda kama hilo hufupisha muda wa kukausha na hulinda mbao dhidi ya mvua.

5. Vumbi na vidole

Mwaka 1995, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hususan saratani ya pua. Vumbi hilo huchochea pia pumu na ni chanzo cha moto. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe ndogo kabisa, ambazo ndizo hatari zaidi. Kupuliza vumbi kwa kompresa huzirudisha hewani, na majirani huzivuta.

Kwa karakana iliyokamilika, mashine ya kufyonza vumbi ni miongoni mwa ununuzi wa kwanza unaopaswa kufikiriwa. Kosa la kawaida ni kununua mashine yenye nguvu kisha kuifunga bomba jembamba. Ili vumbi lisafiri bila kutuama, hewa inahitaji mwendo wa takriban mita 20 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, bomba la kipenyo cha milimita 100 hupitisha karibu meta za ujazo 565 kwa saa, na la milimita 150 hupitisha karibu 1,270. Kipenyo kimeongezeka kwa nusu, hewa imezidi maradufu. Bomba liwe fupi, lenye kona chache, na mashine ikae karibu na msumeno na randa.

Kuhusu vidole, lipo boresho moja la gharama ndogo ambalo kila karakana katika eneo letu inalihitaji. Umeme unapokatika, fundi husahau kuzima msumeno, hupangusa meza kwa mkono au huondoa kipande kilichokwama. Umeme ukirudi ghafla, diski huanza kuzunguka. Ipo swichi inayojizima yenyewe umeme unapokatika, na ambayo haiwashi mashine hadi mtu abonyeze tena. Swichi hiyo, kinga ya juu ya diski, na kisu kinachosimama nyuma ya diski ili ubao usiibane, ni vitu vitatu vinavyopaswa kuwapo kabla ya mashine yoyote mpya kuingia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inataka sehemu za kazi zisajiliwe na mashine ziwe na kinga. Kidole kilichokatika hakilipwi na faida ya mlango.

6. Umeme utabeba?

Umeme unaosambazwa nchini ni wa volti 230 kwa njia moja na volti 400 kwa njia tatu, kwa masafa ya Hz 50. Mota ya kilowati 3 katika njia moja huvuta takriban ampea 20. Katika njia tatu huvuta takriban ampea 6 hadi 7 kwa kila waya. Wakati wa kuwaka, mota huvuta mara kadhaa ya kiwango hicho. Ndiyo maana karakana iliyounganishwa kwa waya mwembamba huona taa zikififia na mota zikiungua.

Kikundi kinachofikiria mota kubwa kiulize kwanza ofisi ya TANESCO kuhusu uwezekano na gharama ya njia tatu, na gharama hiyo iingizwe katika bei ya mashine. Kazi ya kufunga waya ifanywe na fundi umeme mwenye leseni, na waya wa kupeleka umeme ardhini usiachwe.

Mashine zilizotumika kutoka nje ya nchi zinahitaji jicho la pili. Bamba la mota lisomwe: volti, Hz, idadi ya njia na kilowati. Mota iliyotengenezwa kwa Hz 60 ikiwashwa kwa Hz 50 huzunguka kwa takriban asilimia 83 ya mwendo wake, na ikiwa ni ya volti 110 itaungua. Shafti ishikwe na kutikiswa. Ikicheza, beringi zimekwisha. Muuzaji awashe mashine na kukata ubao mbele ya mnunuzi. Iulizwe pia kama visu, mikanda na beringi zake hupatikana Arusha, kwa sababu mashine inayosubiri kipuri kwa miezi miwili bado inadaiwa marejesho.

7. Hesabu kabla ya kusaini

Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Kila kikundi kiweke zake. Mashine ya kutoboa matundu, pamoja na usafiri na kufungwa, inagharimu shilingi 2,400,000. Kikundi kina uhakika wa kuuza milango 4 zaidi kwa mwezi. Kila mlango, baada ya kutoa mbao, gundi, umeme na ujira, unabakiza shilingi 45,000. Hiyo ni shilingi 180,000. Kunoa na matengenezo kunachukua shilingi 30,000, zinabaki 150,000. Mashine itajilipa kwa miezi 16.

Ikiwa mkopo unatakiwa kurejeshwa kwa miezi 12, marejesho ni shilingi 200,000 kwa mwezi, na kikundi kitapungukiwa shilingi 50,000 kila mwezi. Ili kujitosheleza, kinahitaji kuuza milango 6 ya ziada, si 4. Hapo kikundi kina njia tatu: kutafuta soko kwanza, kuchangia sehemu ya bei kutoka katika akiba ili kukopa kidogo, au kuomba muda mrefu zaidi wa marejesho kabla ya kusaini. Kugundua upungufu huo mwezi wa nne ni kuchelewa.

Izingatiwe kwamba uwezo wa kutengeneza milango 16 hauleti wateja wa milango 16. Kwa upande wa soko, Sheria ya Ununuzi wa Umma inatenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma kwa makundi maalumu, na zabuni hutangazwa katika mfumo wa kielektroniki wa NeST. Kikundi kilichosajiliwa humo kinaweza kushindania kazi kama madawati na samani za ofisi, ilimradi mbao zake ziwe na risiti na hati halali za TFS.

8. Mahali pa kupata ushauri

Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye mlango wa kwanza wa vikundi vinavyohitaji mkopo, na hutoa maelekezo ya kuandaa andiko la mradi. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, lina ofisi mkoani Arusha na hushauri kuhusu teknolojia na biashara. Kwa mafunzo ya ufundi, wananchi wanaweza kuuliza katika vyuo vya VETA na katika Chuo cha Viwanda vya Misitu (FITI) kilichopo Moshi. Masuala ya usalama yapelekwe OSHA.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni hatua ipi ya kazi iliyochukua muda mrefu zaidi katika siku 10 zilizopita, na daftari linasemaje?

2. Je, mashine tulizonazo zimenolewa, zimerekebishwa na zina kinga zote?

3. Bidhaa ngapi zilirudishwa na wateja kwa sababu ya mbao kusinyaa au kupinda?

4. Umeme ukikatika sasa hivi na kurudi baada ya dakika tano, mashine ipi itajiwasha yenyewe?

5. Tunahitaji kuuza bidhaa ngapi za ziada kila mwezi ili kulipa marejesho, na wateja wake ni akina nani?

Kikundi kinachoweza kujibu maswali haya kwa tarakimu kiende nayo kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata pamoja na daftari lake. Kisichoweza kuyajibu kisubiri siku 10, kianze kuandika leo.